Matembezi ya kutwa, watu 26, vilima vya Kisesa hadi Bujora mwishoni mwa Mei: naomba ushauri wa kina

Mdau wa Pasiansi

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa.

Naomba msaada wa wazoefu. Jumamosi ya mwisho ya Mei tunataka kutembea kwa miguu kutwa nzima. Tuko 26: wafanyakazi wenzangu na wenza wao, vijana wanne wa sekondari, na wastaafu wawili wa miaka 63 na 67 ambao wanatembea vizuri tu. Wengi hawajawahi kwenda zaidi ya kilomita tano kwa mkupuo mmoja.

Nina njia mbili kichwani. Ya kwanza inaanzia Kisesa barabarani, nje ya jiji la Mwanza, inazunguka vilima vya mawe na mashamba, inapita vijijini na kuishia Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora. Nimeichora kwenye ramani ya simu, inatoka kilomita 14, na ukijumlisha mipando yote ni kama mita 200. Ya pili ni ya ufukweni, kutoka Nyegezi kupitia Malimbe hadi Luchelele. Hiyo ni fupi na haina kilima cha maana, na nilifikiri tukimaliza watu waoge Ziwa Victoria.

Ipi kati ya hizo? Tuanze kutembea saa ngapi? Maji kiasi gani kwa kichwa? Nafanyaje kundi lisikatike vipande? Na ruhusa naomba kwa nani? Nikipata namba nitashukuru zaidi, maana "mjipange vizuri" nimeshaambiwa sana.

Wa Mwisho Mstarini

Marahaba, mdau. Chukua ya Kisesa. Ya Luchelele ni nzuri kwa watu wanne jioni, lakini kwa watu 26 mtakuwa mnapita kwenye uchochoro wa nyumba za watu na mialo ya wavuvi muda mwingi. Suala la kuoga waachie watu wa afya walijibu.

Tuanze na saa, kwa sababu hapo ndipo makundi mengi yanapoharibika. Kuna kanuni ya zamani ya wapanda milima, aliitoa Mskoti William Naismith mwaka 1892: hesabu kilomita 5 kwa saa, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia yako hiyo inatoka saa tatu na dakika nane hivi. Hiyo ni hesabu ya mtu mmoja mkakamavu asiyesimama, kwa hiyo usiwatangazie watu wako. Kundi la mchanganyiko kama lako linakwenda kilomita tatu na nusu kwa saa, ambayo ni saa nne kamili. Weka dakika 20 za mipando. Weka mapumziko mafupi manne ya dakika kumi kumi, na moja la chai la dakika 25 katikati ya njia.

Halafu weka kitu ambacho karibu kila mtu anakisahau: sehemu nyembamba. Mkifika kwenye kijito chenye gogo au jiwe moja la kukanyagia, kila mtu anatumia nusu dakika kuvuka. Zidisha kwa 26, hapo zimeshapita dakika 13 na hamjasogea popote. Mkikutana na sehemu tatu za namna hiyo mmemaliza zaidi ya nusu saa. Jumla yako inafika saa sita. Jua mwishoni mwa Mei linachomoza karibu saa moja kasorobo. Mkianza kutembea saa 1:15 asubuhi, saa 7:15 mchana mko Bujora mnakula. Kosta iondoke mjini saa 12 kamili, maana hadi Kisesa ni kama kilomita 20, na watu 26 hawashuki, hawaendi haja wala hawafungi kamba za viatu kwa dakika tano.

Sasa kundi. Wa mbele asiwe mwenye mwendo mkali kuliko wote. Awe anayeijua njia na anayegeuka nyuma. Wa mwisho awe mtu mwenye uzoefu na subira, abebe kisanduku cha huduma ya kwanza na filimbi, na asipitwe na mtu yeyote akabaki nyuma yake, hata anayeingia kichakani. Watu wa polepole msiwaache waangukie mkiani. Waweke nafasi ya tatu hadi ya nane, karibu na wa mbele, ili mwendo wao ndio uwe mwendo wa kundi. Wakikaa nyuma watatembea kilomita zote 14 wakikimbizana na migongo ya wenzao.

Sababu yake ni hii. Kundi likitembea linavutika na kujikunja. Wa mbele wanafika kivulini, wanakaa dakika nane, wa mwisho anafika akihema, wa mbele wanasimama: "haya, twende." Aliyechoka kuliko wote ndiye hakupumzika kabisa. Rudia hivyo mara nne na utakuwa na mtu wa kubebwa. Dawa yake ni sheria moja: dakika kumi zinaanza kuhesabiwa wa mwisho akishakaa chini.

Kwenye kila njia panda, mtu anasimama pale hadi amwone kwa macho yule wa nyuma yake na amwonyeshe upande wa kwenda. Anayemfuata anafanya vivyo hivyo. Wagawe wawili wawili kuanzia kwenye gari, kila mtu awe na mwenzake wa kumuulizia. Hesabu kwa sauti mkianza, baada ya kila pumziko, na baada ya kila sehemu nyembamba. Filimbi moja ndefu, simameni. Mbili, endeleeni. Tatu, kuna tatizo na wa mbele arudi.

Wiki moja kabla, ipite njia yote na mtu mwingine mmoja. Njia ya Machi si njia ya Mei. Baada ya masika nyasi zimempita mtu kimo na kinjia unachokiona kwenye picha ya setilaiti unaweza usikione ardhini. Ukiwa huko, weka alama kwenye simu sehemu nne au tano ambapo bodaboda inaweza kufika, na uchukue namba za madereva wawili wa hapo hapo Kisesa. Mtu akiumia kifundo cha mguu, bodaboda iliyo umbali wa dakika kumi itakusaidia kuliko gari lililoko mjini.

Ng'wana Magu

Mwangaluka! Mzee hapo juu kamaliza mambo ya mwendo, naongezea ya ardhi na wenye ardhi.

Ruhusa: kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji. Anzia ofisi ya mtendaji na barua fupi yenye tarehe, idadi yenu, njia mnayopita na namba yako ya simu, siku saba kabla. Kisha pita mwenyewe kwa wenyeviti wa vitongoji ambavyo njia inavigusa. Omba kijana wa hapo awaongoze na mkubaliane posho yake kabla ya siku. Faida yake kubwa ni kwamba anasalimia kabla yenu. Watu 26 wenye mabegi wakitokea nyuma ya nyumba ya mtu bila taarifa, ni haki yake kuwa na wasiwasi. Makumbusho nayo wapigieni kabla, muwape idadi. Na muulize tarehe za sherehe za Bulabo: zinafuata sikukuu ya Ekaristi Takatifu, kwa hiyo zinaangukia Juni au karibu yake, na Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, wakianza mazoezi panajaa.

Mashamba: mwishoni mwa Mei mpunga unavunwa, pamba inapasuka, viazi vitamu bado viko kwenye matuta. Shamba halina uzio lakini haliko tupu. Kwenye majaruba piteni juu ya tuta, mmoja mmoja, katikati yake. Ukikanyaga ukingo ukabomoka, maji yanahamia jaruba la jirani, na mwenye mpunga uliochelewa ndiye anayelia. Kama mvua imenyesha usiku, tuta la jaruba halibebi watu 26. Kumi wa kwanza wanapita salama, waliobaki wanapita kwenye uji. Tafuteni njia nyingine siku hiyo.

Ngitili: hili watu wa mjini hawalijui. Ukiona eneo la nyasi ndefu ambalo halijaguswa wakati pande zote pameliwa, hilo si pori. Limefungwa tangu mvua zinaanza ili ng'ombe wapate malisho kiangazi. Msikate katikati. Nyasi zikilazwa na miguu hamsini na mbili zinaoza chini na hazisimami tena, na vijiji vingi vina sheria na faini juu ya ngitili. Zungukeni ukingoni.

Udongo ndio utakaoamua mtachoka kiasi gani, kuliko hata vilima. Ukishuka kutoka kwenye mawe unakuta luseni, mchanga mwepesi unaokauka saa chache baada ya mvua. Hapo ndipo pa kutembea. Chini yake kuna itogoro, halafu ibambasi, ambayo ikikauka ni ngumu na ikilowa inateleza. Mwisho kabisa bondeni kuna mbuga, udongo mweusi. Mbuga mbichi inashika soli, kila hatua inaongeza tabaka juu ya tabaka, na baada ya hatua ishirini mtu anainua kilo nzima ya tope kila mguu. Nyonga zinachoka kabla ya pumzi. Halafu soli iliyogundishwa vibaya inabaki kwenye tope na mguu unaendelea na kitambaa cha juu. Kama mchoro wako unakatiza bondeni kwa sababu ni mkato, uchore upya upite juu kwenye luseni hata kama inaongezeka kilomita moja.

Na minyaa. Kaya nyingi zimezungushiwa uzio wa mimea ya minyaa, na njia za ng'ombe zinapita katikati ya kuta mbili za minyaa. Asitokee mtu akavunja tawi, wala kujitengenezea fimbo. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni balaa. Waambie vijana hilo kwenye gari, kabla hawajashuka.

Ng'ombe wanatoka zizini kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, na kwenye njia ya minyaa hamwezi kupishana nao. Mkisikia kengele au mluzi wa mchungaji, rudini hadi sehemu yenye upana, simameni upande mmoja tu, kimya, mabegi yakiwa mbele ya mwili. Mkisimama pande zote mbili mnawabana, na ng'ombe aliyebanwa anachagua pa kutokea bila kuuliza kuna nani.

Mdau wa Pasiansi

Wabeja sana, ng'wana Magu, na asante mzee. Kweli mchoro wangu unakatiza bonde mara mbili, nitaubadilisha. Viatu je? Nusu ya watu wameniuliza kama raba za kawaida zinatosha, mmoja anataka kuja na buti za mpira kwa sababu ya tope. Na lile la kuoga bado watu wanaling'ang'ania, wanasema tukitoka Bujora tupitie ufukweni.

Nesi wa Ilemela

Kaka, la kuoga liondoe kwenye ratiba.

Kichocho cha matumbo kipo sana kwenye mwambao huu wa ziwa. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache. Vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, na ninyi mngefika majini karibu na saa hizo hizo. Konokono wanakaa kwenye maji ya kina kifupi yenye matete na magugu, yaani pale pale ambapo asiyejua kuogelea anajiona yuko salama. Kujifuta kwa taulo haraka kunapunguza, hakuzuii. Kama kuna atakayeingia majini hata hivyo, asikimbilie dawa kesho yake. Praziquantel inaua minyoo iliyokomaa, vichanga inaviacha, kwa hiyo aende kupimwa baada ya wiki sita hadi nane na apewe kipimo kwa uzito wake. Matete hayo hayo asubuhi na jioni yana viboko. Kiboko anayetoka malishoni akikuta umesimama kati yake na maji, hapiti pembeni.

Viatu. Raba zinatosha, kwa masharti. Soli iwe na meno ya kuonekana na isipinde katikati kirahisi ukiibana kwa mikono miwili. Soli laini mbigili inaipita hadi kwenye nyama. Iwe imeshavaliwa wiki mbili angalau. Pawe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, kwa sababu mkishuka kilima mguu unateleza mbele na kucha ndiyo inayogonga. Kabla ya kila mteremko mrefu, kila mtu ainame akaze kamba pale kwenye kifundo. Kucha zikatwe siku mbili kabla, si asubuhi ile. Buti za mpira hapana: zinafaa saa moja shambani, lakini kwa kilomita 14 mguu unaogelea kwenye jasho ndani na kisigino kinapanda na kushuka.

Lengelenge halianzi ghafla. Linaanza na joto la sehemu moja, kisigino au kidole kidogo, na mtu anaona aibu kusimamisha wenzake. Tangaza mapema kwamba anayesikia joto mguuni anasimama hapo hapo. Anavua, anakausha kabisa, anabandika plasta pana ya kitambaa isiyo na mkunjo, anavaa soksi kavu. Ni dakika tatu. Akisubiri kilomita mbili, ngozi imeshainuka na plasta haishiki tena. Kila mtu awe na jozi ya pili ya soksi kwenye mfuko wa nailoni.

Maji: lita tatu kwa kichwa, nusu lita kwa kila saa ya kutembea. Joto la mchana hapa Mei si la kutisha, lakini tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari karibu na ikweta, jua ni kali hata kukiwa na upepo wa ziwa, na mawe yanarudisha joto usoni. Kofia ya ukingo mpana, si kepi, maana shingo na masikio ndiyo yanayoungua. Wanywe kidogo kidogo kila pumziko. Anayegida lita nzima saa tano ataitoa kichakani na kubaki na kiu. Bebeni chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe vya kilima. Mkiongeza chumvi kwa kukadiria mnamdhuru mtu.

Dalili za kuangalia: mtu aliyekuwa mwongeaji amenyamaza, anajikwaa pasipo na kitu, analalamika kichwa. Kivulini, alale, miguu juu, kitambaa kibichi shingoni na kwapani, anywe taratibu. Akianza kuongea vitu visivyoeleweka, hiyo ni bodaboda ya kwanza na hospitali, hakuna kusubiri apate nafuu.

Wazee wako wawili, na yeyote mwenye presha au sukari, waulize kwa faragha wanatumia dawa gani. Baadhi ya dawa za presha zinatoa maji mwilini. Wazungumze na daktari wao kabla. Mwenye sukari awe na kitu kitamu mfukoni mwake mwenyewe, si kwenye begi la mwenzake.

Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni: osha mfululizo kwa maji safi dakika 15 kwa saa ya mkononi, kope zikiwa zimefunguliwa, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kwa hiyo wa mwisho abebe lita mbili ambazo hazinywewi. Nyoka akiuma: mtulize mtu, alale, vua pete na saa, mguu usitikisike, mpeleke. Hakuna kukata, kunyonya wala kufunga kamba. Nyuki: funikeni uso, kimbieni moja kwa moja kwa pamoja upande mliotokea, msipunge mikono, na miiba ikwanguliwe haraka. Waambie wasijipulizie manukato.

Mbali na Nyumbani

Salamu kutoka Shropshire, Uingereza, mpakani na Wales. Mimi ni mtu wa Kirumba. Huku Mei mwishoni ndiyo msimu hasa wa matembezi ya makundi ya kutwa, na baadhi ya taratibu zao zinafaa Kisesa, nyingine hazifai kabisa.

Isiyofaa ni ya haki ya njia. Huku njia ya umma inayopita katikati ya shamba la mtu imelindwa na sheria, imechorwa kwa vistari vya kijani kwenye ramani ya 1:25,000, na mkulima hawezi kuizuia. Kundi linapita bila barua. Huko nyumbani fuata alivyosema ng'wana Magu. Isiyofaa ya pili ni saa. Huku Mei kuna mwanga saa kumi na sita, kundi likichelewa saa mbili halidhuriki. Mwanza mnapewa kumi na mbili, na giza linaingia haraka.

Zinazofaa: nyasi za kukata huku zinakuwa ndefu wakati huu, na kundi linapita mstari mmoja ili kulaza ukanda mwembamba tu. Lango linaachwa kama lilivyokutwa. Lilikuwa wazi, libaki wazi, kwa sababu huenda ng'ombe wanalitumia kwenda kunywa. Zizi na vizuizi vya miiba huko ni hivyo hivyo. Ng'ombe mwenye ndama haogopi kundi, na msipite kati yake na mtoto wake hata kama njia inapita hapo. Kupe: nyasi ndefu zinao huku na huko, suruali iingizwe ndani ya soksi na watu wajikague jioni nyuma ya magoti na kiunoni.

Ningependekeza jambo moja: watu 26 ni wengi. Wagawe kumi na tatu kumi na tatu, kundi la pili liondoke dakika 15 baada ya la kwanza. Muda wa kusubiriana kwenye sehemu nyembamba unapungua nusu, na mwenye nyumba anaona kundi dogo.

Wa Mwisho Mstarini

Kijana wa Kirumba, kugawa ni sawa kama kuna watu wawili wanaoijua njia na wawili wa mwisho wenye uzoefu. Mdau ana ramani moja na simu moja. Kundi la pili likikosea kinjia cha ng'ombe, na vinjia vya ng'ombe kule vinafanana vyote, litakuwa upande wa pili wa kilima na hakuna mtandao wa kupiga simu. Akipata kijana wa pili wa kijijini na faili ya njia ikiwekwa kwenye simu nne, kwenye programu inayofanya kazi bila intaneti, hapo nakubali. Vinginevyo wabaki pamoja, na kwenye kijito wa kwanza waliovuka wasogee mbele mita mia moja wakae, wasijazane ng'ambo.

Hakuna aliyegusa mawe bado. Kwa mawe haya ya graniti jihadharini na vitu viwili. Cha kwanza ni michirizi myeusi inayoshuka kwenye mwamba. Hapo ndipo maji ya mvua yanapita, na weusi ule ni uhai mdogo ulioota juu ya jiwe. Ukikauka unashika soli vizuri, ukilowa hata kwa umande hakuna kiatu kinachosimama. Kanyageni sehemu ya kijivu au ya waridi yenye punje za kukwaruza. Cha pili ni magamba. Mwamba huu unajimenya, tabaka la unene wa kiganja linaachana na jiwe la chini huku bado limelala mahali pake. Piga kwa kisigino kabla ya kuweka uzito: likitoa sauti ya utupu, zunguka. Kwenye nyufa msiingize mkono pasipoonekana. Pimbi wanakaa humo, na nyoka wanawafuata pimbi. Nyuki nao wanapenda ufa wenye kivuli, kwa hiyo mkiona mstari wa nyuki wanaingia na kutoka, shaurini kwa sauti ya chini na mpite mbali.

Mshuke mawe kwa kuzigizaga, magoti yakiwa yamelegea kidogo, na mtu asisimame chini moja kwa moja ya anayeshuka.

Radi. Masika yakikatika bado mvua moja moja zinakuja, na ziwa hili lina ngurumo nyingi. Usiku zinajengeka juu ya maji, mchana juu ya nchi kavu, ndiyo sababu nyingine ya kumaliza kilele cha njia kabla ya saa sita. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo, gawa kwa tatu, hizo ni kilomita. Zikiwa chini ya sekunde 30, shukeni mwambani mara moja. Msikae chini ya mti ulio peke yake, wala chini ya jiwe lililoinama mkidhani ni pango. Mkiwa wazi bondeni, achaneni hatua kumi kati ya mtu na mtu, mchuchumae. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa uangalie Ijumaa jioni, kisha uangalie mbingu saa 11 alfajiri. Ukisikia ngurumo alfajiri upande wa nchi kavu, ahirisha bila kuona aibu.

Mdau wa Pasiansi

Nimeandika upya, naomba mnikague. Tunatoka mjini na kosta saa 12:00, tunaanza kutembea saa 1:15. Njia mpya iko juu kwenye luseni, kilomita 15. Kundi moja, kijana wa kijijini mbele pamoja nami, mwenzangu aliyepita mafunzo ya huduma ya kwanza nyuma. Kila mtu lita tatu. Njiani viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga na machungwa. Pilau nimeiondoa kwa kuogopa kuchacha. Chakula kamili tunakula Bujora, wali na sato kwa mama lishe, nimempa oda ya sahani 28 pamoja na dereva na kijana. Kosta inatusubiri Kisesa pale tulipoanzia. Kuoga hakuna.

Nesi wa Ilemela

Safi sana, kaka. Machungwa mmenye na kugawanya kabla ya kuondoka, au maganda yabebwe yarudi. Ongeza jembe dogo na karatasi za chooni: shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, mbali na kijito si chini ya hatua 80, wanawake wakae upande mmoja wa njia na wanaume upande mwingine, na wa mwisho ajue nani yuko wapi. Mawe na vichaka msiviamini bila kupiga fimbo kwanza.

Ng'wana Magu

Rekebisha moja tu. Kosta isikae Kisesa. Mkishakula wali na kukaa nusu saa, misuli inapoa, na hata kipande kifupi cha kurudi barabarani kitawashinda wale wazee na yeyote mwenye lengelenge. Dereva ahamie Bujora saa tano, apaki nje ya lango la makumbusho, abaki na simu yenye chaji. Na kwa kuwa njia imefika kilomita 15, sogeza oda ya mama lishe kwa dakika 20: mwambie saa 7:35, sato atolewe kwenye mafuta mkiwa mmeshanawa.